Mkono Uliotangulia Kifua

Kabla ya zile mbio za Kilifi, zilizowafanya ndugu wawili wa nyumba moja kupishana ngazini bila salamu, Rufaida binti Abdulkadir hakuwa mtu wa kusemwa. Kwa miaka kumi na tisa alitunza maabara ya shule ya upili ya wasichana mjini Malindi. Aliosha mirija ya majaribio, akapanga sumaku na nyaya mezani kabla mwalimu wa fizikia hajaingia, na somo likiisha akahakikisha kila kitu kimerudi kabatini. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, wa miaka arobaini na sita, aliyeachana na mumewe zamani bila kelele. Aliishi Shella, ghorofa ya juu ya nyumba waliyoachiwa na baba yao. Chini alikaa kaka yake Abdulghani, fundi wa madirisha ya alumini, pamoja na mkewe na binti yao wa pekee, Mahira.

Mtaani walimjua kwa jambo moja tu: wazimu wa saa. Nao ulianza kwa swali dogo. Mchana mmoja alisikia redio ya jirani ikilia milio ya saa saba kamili, kisha redio yake mwenyewe ikafuata, na simu yake ikawa ya mwisho kugeuza tarakimu. Zote zilisema saa saba kamili, na hakuna mbili zilizosema pamoja. Sasa msema kweli ni nani? Alimwuliza mwalimu wa fizikia, naye akacheka. "Bi Rufaida, sekunde mbili tatu zina nini?"

Swali likamganda kama kupe. Akaanza kusoma. Akajua kwamba ndani ya kila saa ya siku hizi mna kipande cha fuwele kinachotikisika, na saa kazi yake ni kuhesabu mitikisiko hiyo. Fuwele ikipata joto hutikisika vingine, na saa ikapotea. Kwa wauza vyuma chakavu wa Mariakani alipata kisanduku kilichong'olewa kwenye mtambo wa simu uliostaafishwa. Ndani yake mlikuwa na fuwele iliyofungiwa katika kijumba chake cha chuma, kinachopashwa moto wa kiasi kilekile usiku na mchana ili isibabaishwe na hali ya hewa. Ilitikisika mara milioni kumi kwa sekunde. Akaweka antena juu ya paa kupokea mpigo wa setilaiti, ambao huja mara moja kila sekunde na haukosei, kisha akaanza kulinganisha mpigo huo na wa fuwele, akiandika daftarini asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Juu kule, chini ya mabati, fuwele ilikosea kiasi cha sekunde moja kwa miaka mitatu. Hakuridhika. Akaihamishia chini ya ngazi, kwenye stoo yenye kuta nene za matumbawe ambamo joto halibadiliki, na kosa likapungua hata ikawa sekunde moja kwa miaka thelathini. Siku ile alishuka akamwambia Abdulghani, na Abdulghani akaacha kukata alumini akamtazama.

"Miaka thelathini? Na wewe utakuwapo kuihesabu hiyo sekunde?"

Walicheka wote wawili. Walikuwa wakipendana sana, hao.

Haja ya wazimu huo ilikuja kupitia kwa mwalimu Gerishom, mwalimu wa michezo wa shule ile. Mwaka uliotangulia, mita mia za wasichana katika mashindano ya kaunti ziliishia kwa matusi. Waamuzi watatu walikuwa na saa tatu za kubonyeza, na kila saa na mshindi wake. Gerishom alikuwa amesikia habari za stoo ya Shella, akamwendea Rufaida maabarani.

"Bi Rufaida, unaweza kunitengenezea saa isiyobishiwa?"

"Saa naweza," akajibu. "Kubishiwa sijui."

Akaifanya kwa miezi saba. Kulikuwa na masanduku mawili. La kwanza lilikaa mwanzo wa mbio, likisikia mlio wa bastola na kuandika wakati wake. La pili lilikaa mwisho. Baina yao mita mia moja bila waya, kila moja na fuwele yake, na kila fuwele ikishikwa mkono na setilaiti ili zisiachane hata kwa sehemu ya milioni ya sekunde. Juu ya mstari wa kumalizia alitaka mwimo mrefu, kama fremu ya mlango mpana, wa kuning'iniza vimulimuli, kimoja kwa kila njia, vikitupa mwale usioonekana wima hadi chini. Mkimbiaji akikata mwale, sanduku linaandika. Mwimo huo aliutengeneza Abdulghani kwa alumini yake, akaupaka rangi nyeupe, akakataa malipo. "Mwanangu atapita chini yake," alisema. "Nikutoze nini?"

Kwani Mahira, msichana wa kidato cha nne, ndiye aliyekuwa mwenye mbio kuliko wote pale shuleni.

Tatizo halikuwa saa. Sheria ya riadha husema mkimbiaji amefika kifua chake kinapofika. Mkono hauhesabiwi, wala kichwa, wala mguu. Mwale haujui kifua ni nini. Hukatwa na chochote. Lakini mkono ni mwembamba na hupita upesi, kifua kinakaa. Kwa hiyo Rufaida akamwomba Mahira apite chini ya mwimo mbio mbio, mara arobaini, katika uwanja wa shule, mara akinyosha mkono, mara akiinamisha kichwa. Hakuna mkono uliokata mwale kwa zaidi ya sehemu kumi na tatu za elfu za sekunde. Rufaida akakiamuru chombo: kitu chochote kinachoukata mwale kwa muda usiofika sehemu kumi na tano, kipuuze. Kumi na tano ilikuwa hesabu yake mwenyewe. Hakuna kitabu kilichomwambia.

Siku ya mashindano uwanja wa Kilifi ulijaa tangu saa mbili asubuhi. Mwamuzi mkuu alikuwa Bwana Ndirangu, mtu mrefu, mkavu, aliyekwisha kusimamia mbio kabla Mahira hajazaliwa. Aliuzunguka ule mwimo mara mbili bila kusema neno.

"Kina makosa kiasi gani hiki?" akauliza.

"Saa zenyewe, hazifikii sehemu ya milioni," Rufaida akasema.

"Mimi nina sehemu ya kumi, na kila mwaka natukanwa." Akacheka kidogo. "Haya. Leo kitatangulia chako, zangu zitafuata nyuma."

Mbio kumi za asubuhi zikapita bila tatizo. Tarakimu zikatoka, zikasomwa kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Rufaida alikaa chini ya mwavuli kando ya mstari, kompyuta mapajani, akitazama taa mbili za kijani zilizomwambia kwamba masanduku yake bado yanakubaliana. Mwaka ule kila mbio ilipeleka mtu mmoja tu kwenye mashindano ya Pwani. Mahira alikuwa akimaliza shule. Hakuwa na mwaka mwingine.

Fainali ya mita mia ya wasichana iliitwa saa saba na robo. Mahira akapewa njia ya nne. Njia ya tano alikuwa Idah, msichana wa Matsangoni, mwembamba, mwenye viatu vya kuazima vilivyojazwa karatasi mbele. Bastola ikalia.

Kwa mita sitini Idah alikuwa mbele. Kisha Mahira akaanza kumla, hatua kwa hatua, na uwanja mzima ukasimama. Rufaida hakupaswa kutazama mbio, alipaswa kutazama taa. Alitazama mbio. Hatua ya mwisho alimwona mtoto wa kaka yake akijitupa mbele, mkono wa kulia umenyoka kama mtu anayedaka nguo inayopeperuka kambani, nao wawili wakapita pamoja.

Saa za kubonyeza za waamuzi zilisema sawa kwa sawa. Chombo kikasema: njia ya nne, sekunde kumi na mbili nukta sitini na moja, njia ya tano, kumi na mbili nukta sitini na mbili.

Kipaza sauti kikasoma. Wasichana wa Malindi wakamwinua Mahira juu. Abdulghani, aliyefunga karakana yake siku ile, alimkumbatia kila aliyekuwa karibu naye, wengine hawajui hata jina. Akamjia dada yake akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Rufaida! Umetuonesha! Umetuonesha nani mshindi!"

Bwana Ndirangu akamletea karatasi ya matokeo. "Tia sahihi hapa. Rufaa ni dakika thelathini tangu kutangazwa, na hakuna aliyekuja. Ikiisha hiyo, hakuna wa kuligusa tena jambo hili, hata mimi."

Akaichukua kalamu. Lakini alikuwa na mazoea ya miaka mingi: haandiki kitu kabla hajatazama kilichotoka ndani ya chombo, si tarakimu za mwisho tu. Akafungua rekodi ya njia ya tano. Mwale ulikatwa mara moja, ukakaa umekatwa, ukaachiwa. Kifua. Akafungua ya njia ya nne. Mwale ulikatwa, ukaachiwa, ukakatwa tena.

Akaisogeza kompyuta karibu. Akasoma kipande cha kwanza: sehemu kumi na saba za elfu. Kisha nafasi tupu ya kumi na mbili. Kisha mkato mrefu. Kumi na saba. Mkono uliotupwa mbele vile, mwili ukiwa bado unaufuata, ulikawia chini ya mwale kuliko mikono yote arobaini aliyoipima, ukapita ile kumi na tano yake, na chombo kikauita kifua. Kifua chenyewe kilifika sekunde kumi na mbili nukta sitini na nne. Nyuma ya Idah.

"Kuna nini?" Mwalimu Gerishom alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Nangoja kidogo."

"Unangoja nini? Karatasi hiyo hapo." Hakuielewa ile michoro, lakini aliuona mkono uliosita, naye hakuwa mjinga. Akainama hadi karibu na sikio lake. "Bi Rufaida, hakuna aliyeuliza. Waamuzi wenyewe wamesema sawa. Hata kama umekosea, umekosea ndani ya usawa. Ifunge hiyo kompyuta."

Zilikuwa zimekwisha dakika kumi na moja.

Jasho lilimtoka hata herufi za kompyuta zikateleza chini ya vidole. Alijaribu kwanza kujitetea. Pengine ni mdudu aliyepita. Pengine kimulimuli cha njia ya nne kina ila. Akarudi kwenye mbio za asubuhi, zote kumi, akazipima njia moja moja kwa kipimo kilekile, kwani kama atambadilishia mmoja lazima awatazame wote. Mikono aliiona, mingi, yote chini ya kumi na tano, yote imepuuzwa inavyotakiwa. Kimulimuli cha njia ya nne kilikuwa kizima. Hapakuwa na mdudu. Mle ndani ya michoro kulikuwa na mkono mmoja tu uliovuka, na huo mkono aliujua tangu ulipokuwa ukishika kidole chake kuvuka barabara.

Dakika ya ishirini na tatu. Ng'ambo ya uwanja Mahira alikuwa akipigwa picha na babake. Idah alikuwa ameketi peke yake kwenye nyasi, akitoa karatasi ndani ya viatu.

Rufaida akasimama. Gerishom akamzuia njia, si kwa ukali, kwa kuomba. "Ni mtoto wenu," akasema. "Mtoto wa ndugu yako wa tumbo moja."

"Najua ni mtoto wa nani, mwalimu. Nipishe."

Alimkuta Bwana Ndirangu kivulini, akinywa maji. Akamweleza kwa maneno machache, akamfungulia kompyuta, akamwonesha mkono na kifua. Ndirangu akatazama muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa amekasirika.

"Asubuhi ulinambia hakikosei."

"Saa haikukosea, bwana. Nilikosea mimi. Kipimo cha mkono nilikiweka mimi, na nilikiweka kidogo."

"Nimeshamtangaza mtu! Unajua watu hawa watanifanya nini?" Akatazama saa yake. Zilibaki dakika nne. Kwa kitambo alionekana kama mtu anayengoja zipite zenyewe. Rufaida akaishika kompyuta wazi mbele yake. Kisha mzee akaifunga chupa yake ya maji, akaivuta karatasi, akapiga mistari miwili na kuandika upya. "Tia sahihi hapa," akasema. "Na hapa. Jina lako lote."

Kipaza sauti kilipotangaza masahihisho, uwanja ulilipuka. Wasichana wa Malindi walipiga kelele za wizi. Abdulghani alikuja mbio akiamini dada yake ameonewa na waamuzi, na alipoambiwa kwamba ni yeye mwenyewe aliyekwenda kusema, alisimama kama aliyepigwa.

"Wewe?"

"Kaka, mkono wake ndio uliofika. Kifua..."

"Nani alikuuliza?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyekuuliza," Abdulghani akasema polepole, "ukaenda kwa miguu yako. Mwimo ule nimeukata kwa mikono hii. Ukamchinja mwanangu chini yake." Akageuka akaenda zake.

Mahira hakulia. Alikuja akasimama mbele ya shangazi yake, vumbi magotini. "Shangazi, nilishinda au sikushinda?"

"Ulikuwa wa pili, mwanangu. Kwa sehemu mbili za mia za sekunde."

"Hicho ni kitu gani? Hicho kinaonekana?"

"Hakionekani."

Mahira akamtazama kama anayemtazama mgeni, akaenda alikokwenda babake.

Jioni, watu wakifungasha, Rufaida alimwendea Idah amwombe radhi kwa furaha iliyocheleweshwa. Msichana alimwamkia shikamoo kwa adabu, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilijua," akasema. "Niliuona mkono wake. Nilikuwa kando yake."

"Mbona hukukata rufaa?"

Idah akashangaa. "Ningemwambia nani? Saa ilikuwa ishasema."

Maneno hayo yalimwuma Rufaida kuliko ya kaka yake. Njia nzima ya kurudi Malindi, masanduku mapajani, aliyasikia. Miaka yote alitaka kujua msema kweli ni nani, na alichokuwa amekitengeneza kingeweza kusema uongo mbele ya watu elfu moja, kwa tarakimu nzuri, na aliyeujua ukweli angenyamaza.

Idah alikwenda mashindano ya Pwani akawa wa tano. Kamati ikaandika barua kwamba mwaka ujao itarudia saa za kubonyeza. Shuleni Gerishom alimsalimu Rufaida kwa kichwa tu. Na nyumbani Shella, Abdulghani aliingia na kutoka akipita mbele ya mlango wa stoo kana kwamba ni ukuta. Mkewe aliendelea kumletea wifi yake chai asubuhi, kwa siri mwanzoni, kisha bila siri, lakini mumewe hakuuliza kikombe kimekwenda wapi wala kimerudi saa ngapi.

Ikapita miezi miwili na nusu. Alasiri moja Rufaida alikuwa ameketi chini ya ngazi akilehemu waya, akasikia kandambili zikisimama mlangoni. Ni Mahira, na sare bado mwilini.

"Nioneshe," akasema.

"Nini?"

"Huo mkono."

Rufaida akafungua kompyuta. Mahira akachuchumaa, akaangalia ile michoro miwili, kidole kikifuata mstari: umekatwa, umeachiwa, umekatwa tena. Akaomba aone na ya Idah. Akairudia yake. Kidole kikasimama.

"Na hiki kipande kitupu hapa katikati?"

"Ni nafasi baina ya mkono wako na kifua chako. Kama nusu shibiri."

Mahira akanyosha mkono mbele yake, akautazama, akapima kwa jicho. "Mwalimu Gerishom alinifundisha nijitupe hivyo," akasema. "Kumbe kujitupa mkono hakufai kitu. Ningetanguliza kifua." Sauti yake haikuwa na msamaha, wala haikuwa na chuki; ilikuwa ya mtu anayefanya hesabu. Kisha akauliza, bila kumtazama: "Na kama usingefungua kuangalia?"

"Ningetia sahihi."

"Ungelala?"

"Ningelala fofofo."

"Na sasa?"

Rufaida akaweka chini chuma cha kulehemu. "Sasa nalala kidogo. Nikiamka nasikia babako akikohoa huko chini, nami siwezi kumwambia pole."

Mahira akarudisha kidole kwenye mchoro. Nje ya mlango hatua zikasikika. Abdulghani alikuwa akitoka kwake, na kwa mara ya kwanza tangu Kilifi hatua zake zilisimama mbele ya mlango wa stoo. Alimwona binti yake amechuchumaa mbele ya kompyuta. Akakunja uso. Dada yake hakumwona. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mahira," Abdulghani akasema mwishowe, "mamako akutaka jikoni." Akangoja. "Ukimaliza."

Akatoka nje. Mahira akavuta kigoda, akakikalia, akasogeza kompyuta upande wake ili aone vizuri zaidi.